Eksteno Yako Imesoma, Shija

Kwako Shija, uliyekuwa mume wangu,

Eksteno yako imesoma. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya salamu. Hiyo diski yako ya kuhifadhia kazi imesoma kwa taabu, imechukua siku mbili, na yaliyokuwemo yametufikisha Kasoli mbele ya ukoo wenu. Nataka nikueleze yote kwa mpangilio. Wengine wataisoma barua hii na wewe hutaisoma, lakini nilizoea kukueleza wewe jinsi kazi ilivyokwenda, na sijapata mtu mwingine wa kumweleza.

Mazishini nilikuja. Simu ilinikuta dukani nikitoa kopi za cheti cha kuzaliwa cha mtu. Sauti ikasema, "Kabula, Shija amefariki. Presha. Ameanguka tu asubuhi." Nikasema asante kwa taarifa. Nikamaliza kopi, nikazibana pini, nikampa mwenyewe. Kesho yake nikapanda gari la Kasoli, nikakaa upande wa watu wa mjini, wale uliowapiga picha kwenye harusi zao. Mke aliyeachwa hapangiwi mkeka wake msibani. Mama Limi, uliyemwoa baada yangu, nilimwona kwa mbali, amejifunika khanga, mtoto wenu amemlalia mapajani. Sikulia. Niliyangoja machozi kama tunavyongoja umeme urudi, hayakuja, nikala wali wa msibani, nikarudi Bariadi.

Wiki tatu zikapita. Asubuhi moja nimetoka kufagia mbele ya duka, nikamwona mwanamke amesimama na kitu alichokifunga kwenye kipande cha kitenge. Ilinichukua muda kumtambua, kwa sababu tangu umwoe hatukuwahi kusemeshana. Tulikuwa tukipishana sokoni kila mtu akiangalia nyanya zake.

"Mwangaluka, dada," akasema.

"Mwangaluka. Karibu."

Hakukaa. Akafungua kitenge juu ya kaunta, na ndani ilikuwamo ile eksteno nyeusi, yenye mkwaruzo pembeni.

"Haisomi," akasema. "Nilimpelekea fundi mmoja kule sokoni. Akasema ifomatiwe kwanza, ndipo itasoma."

"Ukamruhusu aifute yote?"

"Nilikataa. Shija alikuwa analisema hilo neno kama tusi."

Ndipo akakaa. Akanieleza huku akiangalia mikono yake. Kaka yako Maduhu alikuwa amesema mbele ya watu, siku ya kuanua matanga, kwamba yeye Mama Limi hakuolewa. Kwamba hakuna ng'ombe aliyetoka kwenu kwenda kwao. Kwamba alichukuliwa tu, na Limi ni mtoto wa nje. Jumamosi kilikuwa kinakaa kikao cha ukoo. Akishindwa kuthibitisha, nyumba yenu ya mjini inarudi kwa ndugu, na yeye na mtoto wanarudi kwao, upande wa Maswa.

"Mashahidi huna?" nikamwuliza.

"Baba yangu amekufa. Mshenga alikuwa mjomba wake Shija, naye amekufa. Waliobaki ni ndugu zangu, na Maduhu anasema hao watasema lolote. Lakini Shija alipiga video siku ile. Nilimwona kwa macho yangu amebeba kamera. Iko humu."

"Mafundi wapo wengi Bariadi. Kwa nini umekuja kwangu?"

"Kila kompyuta ilipogoma nyumbani, Shija alikuwa anasema, 'Kabula angekuwepo.' Hata mbele yangu. Nilichukia kulisikia hilo." Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Sasa ndiyo limenileta."

Nikaichukua eksteno, nikaigeuza. Nilikumbuka siku tuliyoinunua Mwanza, mimi na wewe. Ulikataa kuiweka kwenye begi. Uliipakata njia nzima hadi Bariadi, na kila basi liliporuka tuta ulikuwa unaiinua hewani kwa mikono miwili ili isitikisike, na yule mama aliyekaa pembeni yetu akakuuliza kama ni dawa. Ukamwambia, "Ni harusi za watu, mama." Usiku wake hatukulala kwa kuhamisha kazi zetu zote humo. Mimi ndiye niliyeamua mafoda yaandikwe jina la bibi harusi na kijiji alikotoka, kwa sababu wanaume wa kwetu wanarudia majina mno. Wewe ulicheka, lakini ukafuata.

Nikaichomeka. Taa ya bluu ikawaka, na kwenye kioo hakukutokea kitu. Nikaweka sikio, kama ulivyonifundisha, kusikiliza kabla ya kugusa chochote. Ilikuwa inaunguruma, inakata, inaunguruma, inakata.

"Imekufa?" Mama Limi akauliza.

"Ingekuwa imekufa ingegonga kama kijiti. Hii haipati umeme wa kutosha."

Nikabadilisha waya, nikaweka ule mfupi wenye kichwa bapa, nikaichomeka tundu la nyuma ya kompyuta, kwa sababu yale ya mbele yanatoa umeme mdogo. Mngurumo ukatulia. Kompyuta ikalia ile sauti yake ya kupokea kitu kipya. Nikafungua orodha ya diski. Ilikuwepo ya kompyuta yenyewe tu. Mama Limi hakuwa anaangalia kioo, alikuwa ananiangalia mimi usoni, kama mgonjwa anavyomwangalia nesi aliyeshika majibu.

Nikafungua sehemu ya ndani, ile inayoonyesha diski zote hata zisizofunguka. Huko niliiona. Ukubwa wake sahihi, ila haina herufi.

"Ipo," nikamwambia.

"Iko wapi?"

"Kompyuta inajua kuna kitu kimechomekwa, ila haijakipa jina la kukiitia. Ngoja niipe."

Nikaipa herufi Z. Kikatokea kile kijisanduku unachokijua, kwamba diski hii haiwezi kutumika mpaka ifomatiwe, je, unataka kuifomati, ndiyo au hapana.

Ilikuwa karibu saa sita. Mama Limi akasema lazima amfuate Limi chekechea, atarudi. Akaniacha peke yangu na lile swali.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilikaa nimeshika mausi, na mshale ulikuwa juu ya neno "Ndiyo". Sikuuweka kwa makusudi, ndipo ulipokuwa. Nikaona kwamba nikibonyeza, hakuna atakayejua. Fundi wa sokoni alikwishasema ifomatiwe. Ningemwambia Mama Limi imeshindikana, pole, na angenishukuru kwa kujaribu. Harusi yenu ingefutika. Ningependa kukuambia nilikuwa na hasira, kwa sababu hasira ningeielewa. Sikuwa na kitu. Mkono wangu ulikuwa mkono tu, umekaa juu ya mausi, na hilo ndilo lililonitisha.

Ikanijia Malampaka. Unakumbuka, harusi ile ya binti wa mtu wa reli, mwaka wetu wa pili wa kazi. Tulipiga siku nzima, wewe video mimi picha, tukarudi tumechoka, na mimi nikachomeka kadi ya kamera, kikatokea kijisanduku hikihiki, na kwa usingizi nikabonyeza ndiyo. Harusi nzima ikaenda. Nilikaa chini sakafuni. Wewe hukunigombeza, ulitoka nje ukakaa huko muda mrefu. Kesho yake tulikwenda wote wawili Malampaka kuwaambia, na kabla sijafungua mdomo ukamwambia yule baba, "Ni mimi mzee, nimeiharibu kwa mkono wangu." Alikutukana hadi majirani wakatoka. Mama wa bibi harusi alilia, akasema bibi yake binti, aliyekuwa mgonjwa, alicheza siku ile, na sasa hatamwona tena akicheza. Ulisimama ukiangalia chini, na mimi nilikuwa nyuma yako, na sikusema. Hukuwahi kunikumbusha jambo hilo, hata tulipofika mahali pa kukumbushana mabaya.

Usidhani nilikumbuka hayo nikawa mwema ghafla. Nilimkumbuka tu yule mama akilia. Nikabonyeza "Hapana", nikachomoa, nikaifunga tena kwenye kitenge.

Mama Limi aliporudi, Limi alikuwa naye. Ana paji lako la uso. Nikamwambia mama yake aniachie hadi kesho, naona tatizo huenda haliko kwenye diski yenyewe, liko kwenye ganda.

"Utaweza?" akauliza.

"Sijui. Sitaifomati."

Akaitikia kwa kichwa. Akaniachia.

Kesho yake nikaazima bisibisi ndogo kwa jirani yangu anayetengeneza simu, nikaifungua. Ulikuwa na tabia ya kuchomoa kwa kuvuta waya, nilikuambia mara ngapi? Pale waya unapoingilia, kwenye kile kibao kidogo cha ndani, risasi ya kuchomelea ilikuwa imeachia, tundu linacheza kama jino bovu. Kibao ndicho kilichokuwa kinaidanganya kompyuta. Diski yenyewe nikaitoa, nikaizima kompyuta ya dukani, nikafungua ubavu wake, nikaiunga diski moja kwa moja ndani, kwenye nyaya zake za kawaida. Nikaiwasha. Ikachelewa sana kuamka. Nilihudumia wateja wawili, mmoja wa kujaza fomu, mwingine wa kopi, kompyuta bado inafikiri. Kisha ikafunguka.

Yalikuwepo mafoda yote. Jina la bibi harusi, kijiji. Jina la bibi harusi, kijiji. Yangu ya zamani, na chini yake ya miaka ambayo sikuwepo, umeyaandika vilevile, kwa mtindo wangu. Sikufungua hata moja. Unajua kanuni, diski mgonjwa anakopiwa kwanza, anaangaliwa baadaye. Nikaanza kuhamishia kwenye kompyuta ya duka, na nikampigia Mama Limi simu.

"Njoo," nikamwambia. "Jina lako la nyumbani ni nani?"

"Nyamizi."

Lilikuwepo, Nyamizi, na kijiji chao. Tulingoja foda lake likamilike kwanza. Alikaa kwenye kiti cha wateja, begi mapajani, tukaangalia ule mstari wa kijani ukijaa. Ulipojaa nikabofya.

Picha inaanza na vumbi. Kamera inatikisika, upepo unapiga kwenye maiki. Kisha linaonekana zizi la kwao, miti imepangwa, na ng'ombe wanaingizwa. Maduhu yuko langoni, kofia kichwani, fimbo mkononi, anawapigia mluzi waingie. Wewe huonekani. Hukumwamini mtu mwingine kushika kamera hata siku hiyo. Unasikika tu: "Kaka, sogea kidogo, jua linakupiga." Na Maduhu anacheka, anasogea.

Mama Limi akashika mdomo. "Ndiye," akasema. "Ndiye huyo. Asante Mungu. Ndiye huyo."

Mimi nilikuwa sijamwona Maduhu bado. Nilikuwa namwangalia ng'ombe.

Alikuwa wa tatu kuingia, jike mwekundu, pembe ya kushoto imepinda chini karibu iguse jicho. Alikuja kwa baba yangu na mahari yangu, akiwa mtamba. Mama yangu alimkamua miaka yote tuliyokaa mimi na wewe, na samli niliyokuwa nakukaangia ilitoka kwake. Nyuma yake akaingia yule dume mweusi mwenye baka jeupe tumboni. Nyuma yake wengine. Niliwajua wote.

Siku walipofuatwa nilikuwepo pale kwa baba. Nilikuwa nimerudi na sanduku langu wiki mbili kabla. Miaka minane bila mtoto, hospitali zote tulizokwenda, mama yako akiacha kunisalimu taratibu, na wewe ukizidi kuwa na kazi za mbali. Hukunifukuza, Shija. Watu wakiniuliza huwa nasema hivyo, kwa sababu ni kweli. Ulinyamaza tu, mpaka wengine wakasema kwa niaba yako. Maduhu alikuja na watu wawili, akasimama langoni pa zizi, akamwambia baba yangu, "Mzee, Shija anataka kuoa. Ng'ombe wanahitajika." Baba hakubishana. Binti hakuzaa, ng'ombe wanarudi, ndivyo walivyofanya baba zake. Akawafungulia lango mwenyewe. Mama aliingia ndani. Yule mwekundu aligoma, ikabidi avutwe kwa kamba.

Nilidhani walikwenda kwenu. Kumbe walikuwa njiani tu, kwenda kwao Mama Limi kuwa mahari yake.

"Dada?" Mama Limi akasema. "Mbona umenyamaza?"

"Naangalia kama sauti iko sawa," nikamjibu.

Nikamwekea kwenye flashi. Nikaweka na kwenye laputopu yangu, kwa sababu akasema huko Kasoli hakuna atakayejua kuifungua, na akaniomba niende naye. Nikakubali. Sikuona sababu ya kukataa, na sikuona sababu ya kwenda. Nilikubali tu.

Jumamosi tulifika mapema. Walikuwa wametandaza turubai nyumbani kwa Maduhu, viti vya plastiki vimepangwa, na anayesimamia kikao ni baba yenu mdogo, Mzee Lubango, yule uliyekuwa unasema haoni vizuri lakini anasikia hadi mchwa akila. Nilimpigia magoti, nikamsalimu. Akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia ni Kabula, nimekuja na mashine. Akaguna, akasema nikae.

Jua lilikuwa kali, kioo hakionekani, ikabidi wote tuingie sebuleni, waliobaki wakajaa mlangoni na dirishani. Nikaiweka laputopu juu ya meza ya chakula. Nikaicheza mara mbili. Ya pili Mzee Lubango alisogeza kiti hadi pua yake ikakaribia kioo. Sauti yako iliposema "Kaka, sogea kidogo," mama yako, aliyekaa chini ukutani, alitoa sauti moja fupi, kama mtu aliyechomwa na mwiba.

Maduhu alingoja iishe. Kisha akasema, wala hakuonekana kuhangaika:

"Sikatai sura yangu. Ni mimi, na ng'ombe niliwapeleka mimi. Lakini walikwenda kutunzwa tu. Mwaka ule malisho ya huku yalikuwa yameisha, mnakumbuka wote. Sasa nauliza, nani amesikia neno mahari kwenye hiyo video?"

Hakuna aliyelisikia. Ulipiga zizi, ng'ombe na vumbi, ukapiga na watu wakila, na mahali pote hapo hakuna mtu aliyesema neno hilo mbele ya kamera. Watu wa mlangoni wakaanza kunong'ona. Mzee Lubango akamgeukia Mama Limi.

"Mama, una la kuongeza?"

Akatikisa kichwa. Limi alikuwa amesimama katikati ya magoti yake, anachezea kifungo cha gauni lake. Nilimwangalia mtoto kwa muda ambao sasa siwezi kuukadiria. Kisha nikasikia sauti yangu.

"Wale ng'ombe mimi nawafahamu."

"Huyu si wa ukoo," Maduhu akasema papo hapo. "Huyu aliachwa. Amekuja kucheza video, basi."

Mzee Lubango akainua mkono. "Ng'wanawane," akaniambia, mwanangu, "sema unachokijua, usiongeze."

Nikasimama. Nikasema: "Yule mwekundu mwenye pembe iliyopinda, na yule mweusi mwenye baka, na wote waliomo pale, walitoka zizini kwa baba yangu. Ni ng'ombe wa mahari yangu. Walirudishwa kwa sababu sikuzaa. Shemeji Maduhu alikuja kuwachukua mwenyewe. Alisimama langoni akamwambia baba yangu, 'Shija anataka kuoa, ng'ombe wanahitajika.' Hakusema malisho. Malisho kwa baba yangu yalikuwepo." Nikatoa simu. "Baba yangu yu hai. Namba yake hii hapa. Tumpigie sasa hivi, nimwekee sauti kubwa, kila mtu asikie."

Nikaanza kubonyeza.

"Hakuna haja," Maduhu akasema.

"Hakuna haja kwa nini?" Mzee Lubango akamwuliza.

Maduhu akaangalia kofia yake aliyokuwa ameishika. "Hakuna haja ya kumsumbua mzee wa watu."

Mzee Lubango akageuza sikio kama anayesikiliza kitu nje. Halafu akasema, "Basi ng'ombe walitoka. Mke ni mke, mtoto ni wetu, nyumba ni ya mtoto. Maduhu, ulitaka kunifanya nimdhulumu yatima nikiwa na mguu mmoja kaburini." Hakupaza sauti. Mama yako ndiye aliyeinuka kwanza, akamchukua Limi kwa mkono, akatoka naye nje kwenda kumpa maziwa. Aliponipita alisimama kidogo. Nadhani alitaka kunisalimu. Hakuweza, na mimi sikumsaidia.

Mama Limi alinisindikiza hadi barabarani yanaposimama magari.

"Sikujua kama ni walewale, dada. Naapa sikujua."

"Najua."

"Ungeniambia ile juzi dukani."

"Ungefanya nini?"

Akafikiri kweli, sikumwona akitafuta jibu zuri tu. "Nisingekuomba uje," akasema.

"Basi ndiyo maana sikukuambia."

Gari likaja. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akainama, kama tunavyowashika wakubwa wetu. Mimi namzidi miaka sita tu. Nikapanda.

Kopi ya kazi zote ilimalizika wiki iliyofuata. Ile diski ya zamani haikuamka tena baada ya hapo. Imeanza kugonga. Nimemnunulia Mama Limi mpya, nimemjazia, na yeye akaniambia nami nibaki na kopi, kwa sababu watu watakuja kuulizia harusi zao na yeye hajui kutafuta. Wanakuja kweli. Nawatolea. Foda la Nyamizi sijalifungua tena, na yale yetu ya zamani vilevile.

Kuna kitu sikukisema kikaoni kwa sababu mzee aliniambia nisiongeze. Siku Maduhu alipokuja kwa baba yangu, nilikuona. Ulikuwa ndani ya gari, barabarani, umeinamia kamera kana kwamba kuna kitu kinakushughulisha. Hukushuka. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwa mama, na nilikungoja ushuke, hata kama ni kunisalimu tu, mpaka ng'ombe wa mwisho akapita. Nimekaa na jambo hilo miaka yote hii. Nilidhani nikisimama mbele ya ukoo wenu na kuyasema ya siku ile, litaondoka. Halijaondoka. Wala halijaongezeka. Mkeo yuko nyumbani kwake, binti yako ana jina lake, na mimi nimebaki kama nilivyokuwa.

Ila Jumatatu baada ya kikao nilifungua duka kama kawaida, na mteja wa kwanza alikuwa kijana anayetaka picha za pasipoti. Nikamkalisha mbele ya kitambaa cha bluu, nikashika kamera, nikamwambia, "Inua kidevu, hapohapo, usipumue." Nikasikia nilivyosema. Si maneno yangu hayo, Shija. Ni yako, na ulivyoyavuta, na pale unaposhusha sauti kwenye "usipumue". Kumbe nimekuwa nikiyasema hivyo kwa kila mtu tangu tulipoachana.

Nikaishusha kamera. Yule kijana akauliza, "Mama, uko salama?" Nikamwambia anisubiri kidogo. Nikaenda nyuma ya pazia, nikakaa juu ya boksi la karatasi, na yakaja machozi, yale niliyoyangoja msibani Kasoli. Hayakuwa mengi. Kisha nikanawa uso, nikarudi, nikampiga picha yake.

Lala salama.

Aliyekuwa mkeo na fundi wako,
Kabula